Kizimba cha Paneli

Asubuhi hiyo benchi la nje ya karakana ya Kufuli lilijaa mapema, na birika la kahawa lilikuwa limeshazunguka mara mbili. Kufuli ni mchomeleaji. Jina hilo walimpa kwa sababu hajawahi kutengeneza mlango ukafunguka kirahisi, hata kwa mwenyewe. Mtaa wao haujafikiwa na umeme, kwa hiyo kamera ya ulinzi aliyomfungia dada yake, fundi cherehani, inatumia sola, na kila siku inazima kabla hakujakucha. Juzi vyerehani viwili vilibebwa. Tangu hapo dada analala dukani, sakafuni.

— Paneli mpya, betri mpya, alisema. Nimekosea wapi jamani?

— Umeidekeza betri, alijibu Chaji, fundi simu. Imezoea kushiba nusu. Ukiipa kamili inakinai.

— Betri ina tumbo, wewe? alidakia Mwalimu, mstaafu wa hesabu ambaye hajaacha kusahihisha watu. Tatizo ni kamera. Kila sura inayopita inakula umeme, na sura mbaya zinakula zaidi.

— Ndiyo maana ukipita wewe, Mwalimu, inazima! alisema Chaji.

Wakacheka. Kufuli hakucheka.

— Mimi naona jua lenyewe halitoshi, Chaji aliendelea, sasa ubishi umemkolea. Hesabu paneli za mtaa huu. Zote zinanyonya jua lile lile. Wa mwisho anaambulia makombo.

— Basi tuombe zamu, alisema Mwalimu bila kutabasamu. Mtaa wa juu Jumatatu, sisi Jumanne.

Hapo akafika mama mmoja mgeni, muuza miche, na ndoo ya kumwagilia iliyotoboka. Alimkabidhi Kufuli, kisha akainua macho kwenye paa la duka la dada, ng'ambo ya barabara.

— Kaka, kile kizimba kinafuga nini kule juu?

— Hakifugi kitu, mama. Ni paneli. Nimeifunika kwa nondo, zimebanana hata mkono haupenyi. Mwizi ataishia kuiangalia tu.

Alisema kwa fahari, maana hajawahi kuchomelea kazi safi kama ile.

Mama alitazama tena. Vivuli vya nondo vilikuwa vimeilalia paneli toka juu hadi chini.

— Miche yangu nikiifunika hivyo inadumaa, alisema taratibu. Sasa jua nalo linapenyea wapi?

Mwalimu akawa anachungulia kikombe chake. Kufuli aliona aibu, halafu ikamjia huruma iliyozidi ile aibu, kwa sababu dada yake alikuwa anatoka dukani na godoro begani, anakwenda kulianika, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi.

Akachukua mashine ya kukatia vyuma, akavuka barabara.

— Dada, alisema, nondo nazikata. Hilo godoro niachie. Leo nalala mimi.