Oili ya Baba Mkwe

Dereva wa basi hakuwa na tabia ya kusikiliza mambo ya abiria, lakini wawili waliokaa nyuma yake walikuwa wakizungumzia oili.

"Gari lenyewe la baba mkwe," fundi cherehani alilalamika. "Kila asubuhi napima, kijiti kinaonyesha imepungua, naongeza. Sasa linafuka moshi kama jiko la kuni."

"Unaliegesha wapi?" akauliza muuguzi aliyekaa naye.

"Mlangoni kwangu, pale kwenye mteremko."

"Basi kaka, oili haikupungua, ilikimbilia upande mmoja tu. Umeijaza kupita kiasi. Fungua kule chini, uipunguze."

"Nimwage mali ya mkwe bila ruhusa? Thubutu! Itapungua yenyewe njiani."

"Itapungua pamoja na injini."

Dereva akatega sikio. Basi lake hulala kwenye mteremko nyuma ya kituo, na kila alfajiri huliongezea oili kwa moyo mkunjufu. Akatupia jicho kioo cha pembeni. Moshi ulikuwa umetanda, na magari ya nyuma yamewasha taa mchana kweupe.

"Mwambie tu mzee," muuguzi alisema.

"Wewe humjui mzee."

Basi likasimama.

"Dereva, hapa si kituoni!" abiria wakapiga kelele.

"Najua," alisema, akitafuta kitambaa cha kufutia kijiti. "Hapa ni tambarare."