Aliyemsemea Kamongo: Gaudensia Mafuru Astaafu Baada ya Miaka Ishirini na Saba

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bi. Gaudensia Mafuru atafunga droo ya meza ya mapokezi ya Mawe Studio, hapa Mwisenge, Musoma, kwa mara ya mwisho akiwa mwajiriwa. Siku hiyo atakuwa ametimiza miaka sitini ya kuzaliwa, na miaka ishirini na saba na ushee ya kazi bila barua hata moja ya onyo. Wafanyakazi wenzake wamenipa mimi, Evance, mchoraji wa studio, kazi ya kuandika habari zake kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Nimekubali kwa furaha, na kwa woga kidogo, maana yeye ndiye amekuwa akinisahihishia maandishi yangu yote.

Gaudensia alizaliwa Kiriba, katika familia ya wavuvi na wakulima wa mihogo. Alijifunza kupiga chapa mjini Musoma, na Februari 1998 aliajiriwa na Bw. Revocatus Keraryo, mkurugenzi wetu. Wakati huo hapakuwa na studio. Palikuwa na duka la uchapaji lenye mashine moja, lililotoa kadi za harusi, mitihani ya shule na vitabu vya risiti. Gaudensia alipokea wateja, akachapa, akasoma, akasahihisha. Mwaka 2003 alisimamisha uchapaji wa kadi mia tatu za harusi kwa sababu alimfahamu bwana harusi, na jina lililoandikwa kwenye kadi lilikuwa la kaka yake. Ndugu hao wawili hadi leo wakipita hapa humsalimia kwa heshima ya pekee.

Mambo yalibadilika mwaka 2010. Gody, kijana wa Bunda aliyekuwa amemaliza chuo cha kompyuta, alikuja na wazo la mchezo wa simu. Mhusika wake mkuu angekuwa kamongo, yule samaki wa ziwa letu mwenye mapafu, ambaye maji yakikauka hujizika kwenye matope na kungoja mvua. Tulimwita Kamo. Ndani ya mchezo anavuka mto unaokauka, anaruka kutoka dimbwi hadi dimbwi, na jua likizidi anazama matopeni. Mvua ikinyesha anaibuka na kupaza sauti: "Nipo!"

Neno lilikuwa moja tu, na lilitutesa siku tatu nzima. Gody alijaribu mwenyewe akasikika kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Mimi nilijaribu, sauti ikapasuka katikati ya neno, wakacheka. Siku ya nne tukiwa tumekata tamaa, tulimsikia Gaudensia mapokezi akizungumza na mteja kwenye simu: "Nipo! Mimi niko hapa toka asubuhi, wewe ndo huonekanagi!"

Gody alisimama, akamwita kwa jina la mwanawe, kama tumwitavyo sote.

"Mama Enos, hebu rudia hiyo."

"Nirudie nini? Simu yenyewe imekatika."

Alirudia. Tukarekodi katika stoo ya karatasi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na utulivu. Tangu siku hiyo Kamo ana sauti ya mwanamke wa Kiriba, na hakuna mtoto aliyewahi kuhoji kwa nini.

Mchezo ulipendwa, lakini jina la Kamo lilienezwa zaidi na safari zake nje ya mchezo. Mwaka 2012 kituo kimoja cha redio mjini kiliomba Kamo awe mgeni katika kipindi cha watoto cha Jumamosi asubuhi. Gaudensia alikubali kwa sharti moja: aambiwe kwanza Kamo anakwenda kufanya nini. Alipenda kusema, "Mgeni hahamishi viti vya mwenyeji, ila lazima awe na habari aliyoileta." Kwa hiyo Kamo alifika redioni na habari ya boya la kuvaa mtumbwini. Aliwauliza watoto: kama yeye samaki anaogopa maji yenye mawimbi, wao wanajiamini kwa lipi? Alialikwa tena, na tena, na mwisho akawa mgeni wa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Wazazi wa vijiji vya mwambao walituambia watoto walikataa kupanda mtumbwi bila boya, wakisema Kamo amekataza.

Baadaye shule nazo zilitaka kumwona. Mwaka 2013 fundi cherehani wetu wa hapa Mwisenge, Bi. Justina, alimshonea Kamo mwili wa turubai la kijivu na kichwa cha godoro. Kichwa kilikuwa kikubwa kuliko hesabu zetu. Siku ya ziara ya kwanza, shule moja ya Bweri ilikuwa inasubiri, na kichwa kiligoma kuingia kwenye gari dogo la mkurugenzi. Gaudensia alikivaa, akapanda bodaboda, akamwambia dereva twende. Bweri ilisimama. Mafundi waliokuwa wakijenga nyumba walishuka kwenye ngazi, akina mama wakaacha majembe. Dereva yule alipata wateja mwaka mzima kwa kuwa ndiye aliyembeba Kamo.

Ziara iliyotupa jina kubwa ilikuwa ya mwaka 2015, Kamo alipoalikwa kuwa mgeni katika kipindi cha katuni cha runinga kinachotengenezwa Dar es Salaam. Tulikwenda wawili, mimi na michoro yangu, yeye na sauti yake. Mezani tulikuta maandishi ya sehemu ya Kamo. Anashuka stendi akiwa ameshika kuku, anapotea njia, anaongea "kibara," yaani Kiswahili cha watu wa bara, na wahusika wengine wanamcheka mpaka mwisho. Gaudensia alisoma kurasa zote, akazifunga.

"Huyu siyo Kamo," alimwambia mwongozaji.

"Mama, ni utani tu. Watazamaji watacheka sana."

"Kamo hachekwagi. Kamo anachekesha. Watoto wetu wanaongea hivi hivi mnavyovicheka. Nikirudi nyumbani nitawaambia nini?"

"Basi tutatafuta sauti nyingine."

"Tafuteni. Na mchoraji mtafute."

Naandika ukweli, kwa kuwa sherehe ni yake na siyo yangu: wakati huo nilikuwa naangalia viatu vyangu. Nilikuwa nimewaahidi watu wa nyumbani kwamba jina langu litaonekana runingani. Lakini aliposimama, mikono yangu ilianza kukunja michoro kabla akili haijaamua. Tulikaa nyumba ya wageni siku mbili bila kupigiwa simu. Mimi sikula vizuri. Yeye alifua nguo zake, akasali, akaniambia nisikunje uso kama mtu aliyemeza tunda chungu la ndulele.

Siku ya tatu waliita. Maandishi yalikuwa mapya. Safari hii Kamo anafika mjini kwa kuitwa, kwa sababu mabomba yamekauka na hakuna mwingine ajuaye kutafuta maji chini ya udongo. Aliongea vile vile tunavyoongea Musoma, na alichekesha kweli kweli. Kipindi kiliporushwa, maduka yenye runinga hapa Mwisenge yalijaa watu hadi barabarani. Mwongozaji yule alimwalika Kamo mara nne zaidi, na kila mara alituma maandishi mapema ili Gaudensia ayasome kwanza.

Kisha ukaja mwaka 2018, na hapa sitaweza kuandika kwa wepesi. Gaudensia alikuwa na uvimbe wa tezi shingoni, aliouficha kwa mtandio kwa muda mrefu. Ulipoanza kumbana pumzi, alipelekwa Mwanza kupasuliwa. Daktari alimweleza mapema kwamba sauti inaweza kubadilika. Alisaini, akaingia chumba cha upasuaji, akatoka mzima. Kwa wiki sita aliongea nasi kwa kuandika kwenye karatasi.

Kazi za Kamo zilikuwa zimeshakubaliwa. Karatasi yake ya kwanza kwa mkurugenzi ilisema: "Rhobi aongee. Kamo asikae bure." Rhobi alikuwa ameajiriwa miezi mitatu tu kabla, binti mwenye sauti safi. Gaudensia alimfundisha kwa mikono, kwa macho na kwa kalamu: hapa vuta pumzi, hapa usicheke kabla yao. Rhobi alifanya vizuri. Lakini watoto walipiga simu redioni kuuliza Kamo ameenda wapi, na huyu ni nani.

Sauti ya Gaudensia iliporudi, haikuwa ile. Ilikuwa na mkwaruzo, kama mlango unaosuguana na sakafu. Alijirekodi stoo, akasikiliza, akakaa humo peke yake hadi saa sita mchana. Alipotoka alikuwa amenawa uso. "Mimi nitabaki mapokezi," alisema. Akarudi kwenye meza yake.

Oktoba mwaka huo, Kamo alialikwa katika shule moja ya msingi wilayani Bunda, siku ya kumeza dawa za kichocho. Vidonge vile ni vikubwa na vichungu, na mtaani ulikuwa umeenea uvumi kwamba vinaua nguvu za mtoto. Wazazi wengi walikuwa wamekuja, siyo kusindikiza watoto, ila kuwazuia. Asubuhi hiyo Rhobi aliamka na homa ya malaria. Gaudensia, aliyekuwa ameenda kubeba makaratasi tu, alitazama kichwa cha Kamo kikiwa juu ya meza, akakivaa.

Uji ulikuwa umeshanywewa, fimbo ya kupimia urefu, unaoamua idadi ya vidonge, ilikuwa imeegemezwa ukutani, na hakuna mtoto aliyesogea. Kamo aliwasalimia. Msichana mmoja wa darasa la tatu, jina lake Benedikta, akauliza kwa nguvu:

"Kamo, mbona sauti yako imekwaruza?"

Studio yetu ina kanuni ambayo Gaudensia mwenyewe aliiandika na kuibandika ukutani: kichwa hakivuliwi mbele ya watoto, kwa vyovyote vile. Alikivua. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Akafungua mtandio, akawaonyesha kovu.

"Nilikuwaga na uvimbe hapa," alisema. "Waliniambia nisiende hospitali, watu huwaga wanakufa huko. Niliogopa. Nilichelewa miaka miwili kwa kuogopa maneno ya watu. Daktari akanipasua. Sauti yangu nzuri imeenda, lakini ninapumua, na ninaongea na nyie. Nyie hamkatwi kitu. Ni kumeza tu."

Alimgeukia mama mmoja aliyemshika mwanawe mkono. "Mama, mimi pia ni mzazi. Sikudanganyi."

Benedikta alikuwa wa kwanza kusimama kwenye fimbo. Akameza, akakunja uso, akasema, "Chungu!" Watoto wakacheka, na mstari ukaanza. Yule mama alisita, akamwachia mwanawe, kisha akabaki kusaidia kugawa maji. Hadi saa nane watoto wote waliofika walikuwa wamemeza, isipokuwa wawili waliokuwa wagonjwa. Gaudensia alivaa tena kichwa, na Kamo akapigwa picha na kila darasa. Wala hakuna aliyeonekana kuchanganyikiwa. Kwao, Kamo alikuwa amepasuliwa na amepona.

Bw. Keraryo alipopata habari, aliitoa ile kanuni ukutani kwa mikono yake. Jumamosi iliyofuata Gaudensia alirudi redioni na sauti yake mpya. Mtoto wa kwanza kupiga simu alimpa pole ya upasuaji.

Tangu hapo sauti ya Kamo ni hiyo yenye mkwaruzo, na ndiyo iliyomvusha mpaka. Mwaka 2021 studio moja ya Kisumu iliyotengeneza mchezo wa mashindano ya mashua ilimwomba Kamo awe mshiriki mgeni. Gody alipendekeza watumie rekodi za zamani, zilizo safi. Watu wa Kisumu waliandika kwamba wanaitaka ile ya samaki aliyekula matope mengi. Gaudensia aliisoma barua hiyo mara mbili kwa sauti, na ya pili ilikuwa ya kutuonyesha sisi. Mwaka jana, huko Butiama, Kamo alikuwa mgeni katika igizo la wanafunzi kuhusu kutunza vyanzo vya maji. Hapo Rhobi alivaa mwili na Gaudensia akasema akiwa nyuma ya pazia, na katika nusu ya pili Rhobi akasema mwenyewe, kwa mkwaruzo ule ule. Nilikuwa ukumbini. Sikujua ni wakati gani walibadilishana mpaka waliponiambia.

Pamoja na hayo yote, mteja wa kadi hakuwahi kungoja. Asubuhi Gaudensia alikuwa mapokezi, mchana Kamo, jioni akisoma kazi ya kesho akiwa na kalamu nyekundu. Amewalea wafanyakazi kumi na wawili, akawafundisha kuitika simu, kuomba radhi, na kukataa kwa adabu.

Toleo jipya la mchezo linatoka Agosti. Wiki iliyopita Bw. Keraryo alimwita Gaudensia ofisini akamweleza kwamba, kwa mara ya kwanza, mchezo ukifunguliwa litatokea jina lake: Sauti ya Kamo, Gaudensia Mafuru. Alishika kona ya meza. Kisha akasema, "Andikeni na la Rhobi. Na muda wote mjue, jina langu lina f moja." Majina yote mawili yameandikwa. Nimeyachora mimi, na yeye ameyasahihisha.

Mama Enos, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Mawe Studio, asante kwa kutusemea mahali ambapo sisi tuliangalia viatu. Nenda Kiriba ukalime kwa nafasi yako, ukae na wajukuu, uamke saa unayotaka. Mungu akupe afya, mvua ya kutosha na majirani wema. Tunakuaga tukijivuna kwamba tulifanya kazi na wewe.