Sufuria Zilizosuguliwa Mno

Mgeni rasmi, Shefu wetu wa Forodha, baba unayejua kila furushi linalovuka ziwa hili. Mwalimu Léopold, uliyetushika mkono tulipokuwa hatujui kushika kalamu. Majirani wa Rugenge. Na nyinyi watoto mlio mgongoni na mlio chini ya mabenchi:

Mgeni wetu, tunakusalimu, tunakukaribisha, na tunakuomba usiache kula. Tunajua kwamba kwa kawaida risala husomwa kwanza na sahani huja nyuma. Leo, kwenye sherehe yetu ya mwaka, tumegeuza. Wapo watu pale mlangoni wananong'ona kwamba wanawake wa darasa la jioni hawajui utaratibu. Tunaujua. Sababu ipo, itafika mahali pake. Kwa sasa, bugali ungali wa moto, na kiti kikiyumba kidogo usihofu, hakijawahi kumwangusha mtu.

SISI NI NANI

Sisi ni wanawake ishirini na watatu. Tuko wauza ndagala wa ziwani, tuko walima mihogo, tuko na mshonaji mmoja, na tuko na Mama Ernestine, ambaye anasema kazi yake ni kuwa bibi wa watu. Tulianza miaka mitatu iliyopita. Wakati ule wengi wetu tulikuwa tunapeleka dole gumba kwenye kila karatasi kama tunaonja chumvi. Tunaingia darasani saa kumi na moja jioni, masoko yakishafungwa, na anayenyonyesha ananyonyesha huku anasoma.

TULICHOVUNA

Leo tunasoma maandishi ya kwenye chupa ya dawa. Mmoja wetu alirudisha dawa ya kikohozi kwa kuwa aliona mwenyewe tarehe yake imepita. Muuzaji akamuuliza ni nani amemfundisha uchokozi. Akajibu: Mwalimu Léopold.

Tumejifunza pia kuandika orodha. Hili tunalitaja kwa fahari, na kwa aibu kidogo, maana hapo ndipo shida yetu ilipoanzia.

SHIDA YETU, AMBAYO NI MOJA TU

Mheshimiwa, umwone yule aliyekaa benchi la pili, mwenye kikwembe cha kijani na mtoto anayetafuna kila kitu. Ni Generose. Mtoto ni Providence, ana meno manne. Kaka yake, Jeancy, ana miaka mitano. Baba yao, Emery, ni fundi wa kuchomelea mashua, na tangu mwaka jana yuko ng'ambo, Kigoma, alikopata kazi. Aliondoka Providence akiwa bado tumboni. Mpaka leo anamjua kwa sura ya kwenye simu tu, tena sura inayokatika-katika. Majuzi amepata nyumba, vyumba viwili. Akapiga simu: "Mama Jeancy, njooni. Nimeshatundika hata chandarua." Boti ni Jumamosi hii.

Generose alilia, akacheka, akaja darasani mbio na kandambili mkononi. Nasi tukafanya jambo ambalo mama zetu wamelifanya siku zote: mwanamke anayehamia nyumba nyingine hapelekwi na masizi yake. Vyombo vyake vinaoshwa na wenzake, ili kule aendako mtu asije akasema, ona, kwao hawakumpenda. Jumapili iliyopita tulishuka wote ziwani na majivu na mchanga. Tulisugua sufuria mpaka viganja vikawaka. Kitanda tukakipaka rangi ya buluu iliyobaki kwenye mashua ya shemeji yake. Viti tukavipiga vanishi. Godoro likashonewa foronya mpya. Hata mwiko ulisuguliwa, jamani, mwiko!

Halafu tukaandika orodha, kwa mwandiko wetu bora. Kwenye nafasi ya "hali ya kitu," kila mmoja alikipigia debe chombo kimoja cha Generose. Kizuri sana. Kipya kabisa. Kinang'aa.

Jumatatu asubuhi Generose akafika bandarini na mkokoteni wake. Aliyekuwa mezani ni karani wako Achille, na tunasema mbele ya wote kwamba hakumwonea, hakumpandishia sauti, wala hakuomba chochote. Alisoma orodha mara mbili. Akanyanyua sufuria kubwa, akaigeuza.

"Mama, unaenda kufungua duka gani Kigoma?"

"Duka? Minye niko naenda kwa bwana yangu."

"Na hii iko nini?"

"Iko sufuria yangu ya bugali."

"Mama, minye niko kwa hii meza miaka tisa. Sijaona sufuria ya nyumbani inanionyesha meno yangu."

"Tulisugua."

"Weye na nani?"

"Na darasa mzima."

Achille akamtazama, akatazama kitanda cha buluu, akanusa vanishi ya viti. Kisha akamweleza pole pole, kama mtu anayemfungulia mtoto fundo la kamba. Vitu vya nyumbani vinavyohama na mwenye navyo vinapita kama vitu vya nyumbani, ikiwa ni vyake, vimetumika, na viko kwenye orodha kimoja kimoja, bila kuandika "na vingine vingi" kama tulivyoandika sisi mwishoni. Lakini kitu kipya kinapita mlango wa biashara, na mlango huo una karatasi zake. "Tena hata nikikuachilia hapa," akasema, "upande ule watakuwa na macho kama haya yangu. Na kule utakuwa peke yako na watoto wawili. Mama, rudi nyumbani. Tengeneza orodha ya kweli, niletee Ijumaa, lakini hii moja itataka sahihi ya Shefu mwenyewe."

Halafu akasikia mlio ndani ya kikapu.

"Na huyo?"

"Huyo iko kuku tu."

"Kuku anasafiri na karatasi ya daktari wa wanyama, mama."

"Lakini haumwi!"

"Basi daktari atafurahi."

Hivyo Generose akarudi nyuma ya mkokoteni, jua limepanda, sufuria saba zikiwaka mbele yake kama taa za gari. Rugenge nzima ikatoka nje. "Mama Jeancy, umenunua!" "Hongera, mama!" "Emery anatuma kweli!" Kila hongera ilimchoma. Alituambia baadaye kwamba alizitazama zile sufuria akatamani zipate kutu palepale. Hakuwa na hasira na Achille. Alikuwa anawaza atamwambia nini mtu aliyekwisha kutundika chandarua. Emery alipopiga jioni ile na kuuliza, "Vitu vimekubaliwa?", alijibu, "Karibu," akampa Providence simu aitafune, ili asiulizwe swali la pili.

Darasani hakuna aliyefungua daftari siku hiyo. Ishirini na wawili tulikuwa tunatazama mikono yetu, maana ndiyo iliyosugua. Mama Ernestine ndiye aliyeanza.

"Mulie ya nini? Tulisafisha pamoja, tutachafua pamoja."

Mwalimu Léopold akakohoa. "Mama, hiyo ni kudanganya serikali."

"Kudanganya ni kule kuandika kipya, mwalimu, na weye ulitupa alama nzuri."

Mwalimu akakohoa tena, safari hii kwa muda mrefu.

Mheshimiwa, hatukuja kukuficha. Tangu Jumanne vyombo vya Generose vimezunguka kwenye mbabula zetu za makaa, jiko hadi jiko. Vimepika bugali, sombe, maharagi, na uji wa watoto kumi na mmoja. Masizi utakayoyaona ni ya wiki hii, tunakiri. Lakini chini ya masizi, na chini ya ule mng'ao wetu wa kijinga, kuna alama ambazo mchanga wa ziwa haukuweza kuzitoa, na hizo ni za miaka. Tukakaa na Generose, naye akatwambia chombo kimoja kimoja, tukaandika upya. Mengine tulikuwa hatuyajui, na sisi ni rafiki zake. Tunakusomea machache:

Namba moja: sufuria kubwa, miaka sita, ya arusi. Imebonyea upande mmoja tangu Jeancy alipoifanya ngoma.

Namba nne: kiti cha mbao, miaka saba. Emery alikalia hiki akifunga viatu siku ya kuondoka. Mguu mmoja ni mfupi, umewekewa kipande cha kandambili.

Namba tisa: mwiko. Una alama za meno manne, mawili juu na mawili chini. Mwenye meno yupo, anaweza kuletwa.

Namba kumi na moja: kikombe cha bati chenye ua. Ua limebaki nusu.

Namba kumi na nne: godoro, miaka minne. Providence alitoa ushahidi wake juu yake Jumanne, na tena Jumatano.

Namba kumi na tano: kuku mmoja. Amefutwa.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba kibao ukutani pale bandarini, kwa Kiswahili cha kueleweka, kinachosema: mama, orodhesha kila kitu, sema umri wake, usiandike "na vingine vingi," acha kuku, na usisugue sana. Tuko tayari kukiandika sisi wenyewe. Mwandiko wetu utauona kwenye orodha.

Pili, taa ya darasa, maana ile iliyopo inachoka kabla yetu.

Tatu ndilo lililotuleta. Kesho ni Ijumaa. Generose atakuja mezani kwa Achille na orodha hii. Hatuombi umpunguzie sheria, tunaomba tu uiangalie sheria hiyo ukiwa na vyombo vyake mbele yako. Na ili usisumbuke kwenda mbali, tumevileta karibu.

Mheshimiwa, umekalia namba nne. Ukiinama utakiona kipande cha kandambili. Chai umeinywa kwenye namba kumi na moja. Bugali umetoka namba moja, umesongwa kwa namba tisa. Na yule aliyekataliwa kuvuka bila daktari, namba kumi na tano, ndiye huyo uliyebakiza mfupa wake. Hataomba ruhusa tena. Isionekane kama tunakununua. Kila mwaka mgeni wetu anakula, na ungekula hata kama ungekuja kutukatalia. Ila mtu yeyote, wa upande huu wa ziwa au ule, akiuliza ni nani alivitumia vyombo hivi, tunaomba ruhusa ya kutaja na jina lako.

TUNAFUNGA

Tutampoteza mwenzetu, na benchi la pili litakuwa pana. Tumelikubali hilo. Kinachotushinda ni kumwona akibaki kwa sababu tulimpenda kwa mchanga na majivu kupita kiasi.

Orodha iko hapa, nakala tatu, mahali pa sahihi tumepachorea mstari. Kalamu anayo Providence. Ameshaiuma, kwa hiyo ichukue pole pole. Akikataa kuiachia, mpe mwiko.

Mungu akuzidishie siku, awalinde walio kwenye maji na wanaowangoja nchi kavu, na siku utakapobisha kwenye mlango wake mwenyewe, akufungulie bila kukuuliza orodha.

Ni sisi wako,
Wanawake wa Darasa la Jioni Tujaribu,
Rugenge, Uvira.