Jino la Baba Mkwe

Mmmh! Mmmmh! Saa nane usiku Restuta akashtuka, akamvuta mwanawe Loisi kifuani, maana alidhani fisi kaingia hadi mtaani kwao Nzuguni, kumbe sauti inatoka ng'ambo ya ukuta, chumbani kwa baba mkwe, halafu akasikia mtu anasukutua maji na kutema, halafu tena mmmh. Hakulala. Kulipokucha alikuwa na hofu mbili badala ya moja, kwani barua ya chuo, ya kusomea stashahada ya udaktari wa meno, ilisema mwisho wa kuripoti ni leo saa kumi jioni, na mama mkwe alishasema nitabaki na mtoto, lakini baba yenu aseme ndiyo kwanza, na baba mwenyewe hapatikani ila kijiweni. Basi akambeba Loisi mgongoni, barua mkononi, akafika nyuma ya genge la nyanya akagota hapo hapo, maana upande wa pili, kwenye benchi la Athuman muuza kahawa, jina lake ndilo lilikuwa linatafunwa.

— Mkweo akasomee meno? aliuliza Octavian, mlinzi wa geti la chuo huko Chimwaga, ambaye kwa kuwafungulia wasomi mlango watu walimwita Profesa.

— Miaka mitatu! akajibu baba mkwe, mzee Bartolomayo fundi baiskeli, maarufu kama Koleo. Miaka mitatu, meno tu!

— Piga hesabu. Meno thelathini na mawili, jino moja kwa mwezi. Miezi minne inabaki ya kulala.

— Tena jino si kusoma. Jino ni msuli! Mimi kwa koleo hili nimeng'oa misumari ya reli ya zamani. Yule binti hata kizibo cha soda anampa mumewe amfungulie.

— Lakini watu wanaumwa, Koleo, Athuman akasema huku akimimina.

— Wanajitakia. Wahenga walisema akiba haiozi. Meno si akiba ya uzeeni? Basi hayaozi.

— Ya zamani ndiyo hayaozi, Profesa akadakia. Tangu serikali ihamie Dodoma kila mtu kaja na meno yake. Yamekuwa mengi mno, yanaambukizana.

— Kwetu Kondoa, Athuman akasema, jino la juu lina mshipa unaofika gotini. Babu yangu aling'olewa mawili vibaya, akawa anatembea kinyumenyume hadi sokoni.

— Hadi sokoni?

— Na kurudi. Wewe Koleo, mbona kahawa inapoa mara ya pili? Na kashata umeitia mfukoni.

— Haraka haraka haina baraka.

— Na shavu?

— Nimenenepa.

— Upande mmoja?

Hapo Restuta akajitokeza, akawaamkia shikamooni, wakaitika. Njia nzima alikuwa anakariri, baba naomba ruhusa, baba naomba ruhusa. Tangu aolewe hajawahi kumtazama mzee huyu mdomoni. Nyumba ile, baba mkwe akila, mke wa mwana hupita nyuma. Sasa akafungua kinywa, yakatoka mengine kabisa:

— Baba, linalouma ni la juu au la chini?

Profesa akachungulia kikombe chake kama kilikuwa na jibu.

— La chini, Koleo akasema mwishowe. La nyuma.

— Si msuli tu? Athuman akalichomoa koleo kwenye boksi la vifaa. Profesa, mshike kichwa!

— Weka chini, mjinga wewe!

Koleo akajivuta pembeni ya benchi, akashusha kofia hadi ikafunika macho, ndipo akaachama.

— Mimi sikuoni, mkwe. Kwa hiyo na wewe hujaniona.

Restuta akawasha tochi ya simu, mkono unamcheza, akainama, akatazama, na ajabu, mkono ukatulia.

— Limetoboka, baba, na fizi imevimba. Hili la hospitali, leo leo.

— Ling'oe wewe.

— Sijui, baba. Ndiyo maana naomba nikasome.

Mzee akafunga mdomo polepole, kofia bado machoni.

— Mwisho wa kuripoti saa ngapi?

— Saa kumi.

— Mpelekee mama yako mtoto. Mwambie nimesema ndiyo. Halafu unipitie hapa, unifikishe hospitali kwanza. Usiniache na hawa.

— Ahsante, baba! Ahsante sana!

— Na usiku... akashusha sauti. Ulisikia nini?

— Fisi tu, baba. Na simwambii mtu mwingine.