Kondoo wa Fasika Gerejini

Zerihun: Haloo? Nani mwenzangu? Sema upesi, mikono imejaa damu.

Asrat: Mimi kakako, Asrat. Damu ya nini tena?

Zerihun: Gashe Asrat, kaka mkubwa! Hamjambo huko Las Vegas? Watoto?

Asrat: Wazima. Nimekuuliza damu.

Zerihun: Ya kondoo, kaka! Kesho si Fasika, Pasaka yetu? Siku hamsini na tano za mfungo sijaonja nyama. Nimenunua wawili, nawachinjia gerejini. Wa kwanza tayari, koo limekwenda kwa kisu kimoja tu. Wa pili nimemfunga kwenye gari, anavuta kamba huyo—

Asrat: Gerejini? Mlango umefunga?

Zerihun: Nifunge nife na harufu? Damu nimeisukuma kwa maji, imeteremka hadi barabarani.

Asrat: Hadi bara— we una wazimu! Miezi minane Ohayo hujajifunza kitu? Kuna mtu kaona?

Zerihun: Yule mama wa nyumba ya mbele kanichungulia dirishani. Nikampungia kisu, ajue fungu lake la mbavu za kondoo nimemwekea.

Asrat: Umempungia kisu?

Zerihun: Si namsalimu! Tangu nihamie hajaniuliza hata jina—

Asrat: Huku jirani haji kukuuliza, Zeri. Anaita polisi.

[Mtandao unakwaruza. Ving'ora.]

Zerihun: Ee, kweli bwana. Hao wamefika. Magari matatu. Ngoja nikawakaribishe, niwaeleze—

Asrat: Usiende! Simama hapo hapo! Kisu kiko wapi?

Zerihun: Mkononi.

Asrat: Kitupe!

Zerihun: Wanafoka wote kwa pamoja, sielewi hata... Gashe, wamenielekezea bunduki.

Asrat: Tupa kisu, mjinga wee! Tupa!

[Chuma kinalia sakafuni.]

Asrat: Sasa simu. Fungulia spika, iweke chini polepole. Mkono usiende mfukoni, nasema usiende! Lala kifudifudi.

Zerihun: Kwenye damu?

Asrat: Kwenye damu! Lala!

Zerihun: Nimelala. Nime— kondoo! Amekata kamba! Anawaendea— msipige! Ni kondoo, jamani, msi—

[Risasi. Nyingi.]

Asrat: Zeri? Zeri! Zerihun!



Zerihun: Wamemmaliza. Kichwa hakipo.

Asrat: Na wewe? Umepigwa?

Zerihun: Sijui. Nimelowa damu mwili mzima, sijui ipi yangu.

Asrat: Sogeza miguu.

Zerihun: Wa kulia umesogea.

Asrat: Na wa kushoto?

[Polisi wanafoka.]

Asrat: Wa kushoto, Zeri!

Zerihun: Gashe, Tsige yuko jikoni. Risasi amezisikia. Mke wangu namjua, atatoka mbio anapiga mayowe, na hawa bado wameshika bunduki. Mpigie. Mwambie asitoke.

Asrat: Nikimpigia itabidi nikukate wewe.

Zerihun: Nikate.

Asrat: Mdogo wangu, nikikukata nitajuaje kama—

Zerihun: Kata, kaka! Kitasa cha mlango wa jikoni kinazunguka!