Kisu ya Kambere na matawi ya avoka

Kwenye banc, kiti murefu ya mbao penye Kaswera anauzishaka kahawa, pa kona moja ya Butembo, batu banajuaka jibu mbele ya swali. Asubuhi ile Kambere alifika mbio, matope mpaka kwa magoti. Upepo ilikuwa imeangusha muti ya avoka, ile parachichi, ya marehemu mama yake kule Kalunguta. Aliokota matawi kidogo, akaifunga ndani ya kitambaa ya maji, ili aigrefe, aipandikize kwa miche yake nyumbani mbele haijakauka. Ikikauka, ule muti imekwisha kabisa. Lakini kisu yake ya kukunja ilikuwa inatafuna maganda tu, kama muzee bila meno. Njo akafanya kosa: akauliza kama kuna mwenye jiwe ya kunolea.

— Jiwe ya nini? akacheka Esdras, mwenye banamuitaka Procureur. Lete hapa! Chuma haiogopake muhunzi.

Mbele Kambere akatae, Procureur alikwisha kunyakua kisu, anaisugua kwa ngazi ya simenti: kwaa, kwaa!

— Procureur, unaiua! Iko ya papa yangu, baba aliniachia!

— Maji ikimwagika haizoleke. Tuendelee.

Laurent, mwalimu wa kutoka Kisangani, mwenye kwa banc banamuitaka Théorie, akainua kidole.

— Mais non! Shida iko angle, ule mwinamo ya kisu. Unageuza sahani ya kikombe, unanolea pale chini penye haing'ae.

— Njo vile unafanyaka kwako? akauliza Procureur.

— Mi nilisoma.

Akageuza sahani ya Kaswera. Ikateleza, ikapasuka.

— Théorie! akalia Kaswera. Leo utakunywea mukononi!

Grady wa moto, mwenye anabebaka batu kwa pikipiki, akatikisa kichwa.

— Banakudanganya. Kisu iko na wivu. Ukikatia nayo nyama ya jirani, inakasirika. Izike mu chumvi, itajinoa yenyewe.

— Ata chumvi ni mingi, akasema Procureur. Kule Beu kuna mutu, kisu yake ilinolewa na radi.

— Radi?

— Mara moja tu. Mpaka leo inakata kivuli.

Kambere akanyang'anya kisu yake. Makali ilikuwa imekuwa meno-meno, vumbi ya simenti imejaa penye inakunjikia. Akagusa kitambaa: pembe moja imeanza kukauka.

— Ndugu zangu, niliomba jiwe! Jiwe tu!

— Haraka haina baraka, akasema Théorie.

Pale pale Orpa, muke ya Kambere, akatokea. Alikuwa anamutafuta. Akaangalia kisu, akaangalia bale bapapa.

— Samahani, bapapa. Kwenu nyumbani, nani ananoaka visu?

Procureur akachungulia ndani ya kikombe. Théorie akapanguza miwani. Grady akawasha pikipiki, na client wa kubeba hayuko.

Kambere naye akatafuta jibu. Akakumbuka sauti tu: kila Jumamosi, nyuma ya nyumba, shwa, shwa, yeye mwenyewe akisikiliza redio.

— Kwetu jiwe iko? akamuuliza muke yake.

— Iko. Tangu tulioana.

Akamufuata bila kuaga. Kule nyuma ya nyumba alipiga magoti, akamwaga maji juu ya jiwe, akaanza kunoa kwa nguvu. Orpa akamushika mukono.

— Pole pole. Usiinue mugongo ya kisu. Sasa upande ingine.

Kisu ikakata ganda safi, bila kupasua. Walifunga matawi kwa miche mpaka saa sita, bote wawili.

Matawi mingi ilikauka. Moja ilishika, ikatoa majani.