Mizizi Niliyong'oa Mwenyewe

Ndugu zangu wa chumba hiki cha maombi, nawasalimu kwa jina la Yule aliyetufikisha Jumatano nyingine. Mnanijua, mi si mtu wa kusema mbele za watu. Kwa hiyo nimeandika kwenye daftari, nitasoma. Nikisimama katikati, mnivumilie.

Wengi wenu hapa Mutakura mnakaa tambarare. Sisi tunakaa juu, kwenye kilima kinachotazama mji. Tulikimbia vita kijijini, na parseli, yaani viwanja, zilizobaki kwa watu kama sisi ni zile za mteremko. Baba alikata kilima kama mtu anayechonga ngazi, akapata uwanja wa nyumba moja. Udongo alioutoa ndio tuliofyatulia matofali. Nyuma ya nyumba ukabaki ukuta wa udongo mtupu, unampita baba mara mbili kwa urefu, na juu yake matete na mianzi.

Jirani yetu, mama mmoja aliyetoka Bukavu, alikuja kuangalia. Akamwambia baba, "Papa, hiyo ukuta inasimama kwa aibu tu. Mvua ikikuja, aibu inaisha."

Baba akacheka. "Kwenu Bukavu milima inatembea?"

"Inatembea, Papa. Na haipigi hodi."

Kisha milio ya bunduki ikasogea. Wenye silaha walikuwa wakipita kwenye matete yetu. Asubuhi tuliyakuta yamelala. Mkubwa wa kartie, yaani wa mtaa wetu, akaamuru kila nyumba ifyeke, mtu asipate pa kujificha. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: kaka alifyeka, lakini mimi niling'oa. Siku nne, nikitoka shule, nilichimba mizizi ya matete na visiki vya mianzi mpaka viganja vikatoka damu, kwa sababu sikutaka viote tena. Yule jirani alinipigia kelele kutoka kwake: "We mutoto, kata majani, mizizi uache!" Nikajifanya sisikii. Wiki ile nilipata usingizi kwa mara ya kwanza tangu tuhame.

Mvua ikaja. Juu ya ukuta pakatokea ufa mwembamba. Kaka akauziba kwa tope na majivu. Halafu mlango wa nyuma ukakataa kufunga. Baba akachukua panga, akauchonga mpaka ukafunga, tukamsifu. Kumbe nyumba ilikuwa imeshaanza kusukumwa na kilima.

Siku ya tatu, saa nane mchana, nilikuwa nasonga ugali. Baba alikuwa nyuma, anachimba mfereji. Sikusikia kishindo. Nilisikia kama mtu anamwaga mahindi kutoka kwenye gunia, mengi, hayaishi. Ukuta ulikuwa umemshukia baba. Tulichimba kwa majembe, kwa masufuria, kwa sahani. Hata watu ambao mwezi ule, kwa sababu ya vita, hawakuwa wakitusalimia walikuja kuchimba. Baba tulimpata jioni.

Baada ya hapo nilinyamaza miezi. Watu walisema ni huzuni. Apana. Ilikuwa ile mizizi.

Kisha mama na kaka wakaanza kufyatua matofali ya kujenga upya palepale, kwa udongo uleule uliomfunika baba. Nikaona tunachimba tena. Nikamshika mama mkono wake wenye tope, nikasema, "Mama, mi ndiye niliyeng'oa mizizi."

Hakuacha kukanda. "Nilikuona," akasema. "Na nilifurahi. Na mimi nililala wiki ile."

Tukalia hapo, kaka amesimama na tofali bichi mikononi, hajui aliweke wapi.

Tangu siku ile nasema. Jirani yetu alituletea vipande vya mianzi na matete, akatuonyesha kuvipanda kwa mistari inayokatiza mteremko, na kuchimba mfereji wa kupeleka maji pembeni. Nyumba tumeisogeza hatua sita kutoka ukutani. Zaidi ya hapo ni korongo. Lakini matete bado hayajanifika magotini, na yakikua, wale wenye silaha watapata tena pa kupita. Siwadanganyi kwamba tumeshinda.

Nawashukuru mliochimba, mliotupatia sahani na blanketi, na jirani yetu ambaye mpaka leo hajatuambia kwamba alitukanya. Ninalowaachia mnaojenga juu ni hili: mkiogopa, fyekeni majani, lakini mizizi iacheni. Na mkiona ufa, au mlango unakataa bila sababu, toeni watu kwanza, panga baadaye.

La mwisho. Mvua zinakaribia kurudi. Mama anasema hatuna pengine pa kwenda. Kama kuna mwenye pembe ya chumba huku tambarare, ya watu watatu, mpaka mvua ziishe, aniambie. Mama, najua sasa hivi unaniangalia vibaya, kwa sababu hukunituma. Nimeomba. Sitaketi mpaka mtu mmoja anijibu.